Kwa Mbabe, Kwa Mnandi

Nimeandika jina la baa ile ya mtoni kwa mkono wangu huu, kwanza la mwana, kisha la baba, na mwisho kibao cha tatu ambacho nitakieleza. Sijapata shukrani hata ya kikombe cha chai. Kazi yangu ni mabango. Watu wananiita Herufi, na wengi wameshasahau kama nina jina jingine. Nayasema haya ili ujue kwamba ninayosimulia sikuyaokota kwa jirani. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, na waliokuwa wakitukanana walikuwa chini yangu.

Baa yenyewe iko pale daraja linapoanza, upande wa chini, na ukuta wake wa nyuma uko hatua kama ishirini kutoka majini. Aliijenga mzee mmoja mchimba mchanga. Siku zile mchanga wa kujengea ulitolewa mtoni kwa mikono. Mtu anazama na karai, anakaa huko chini mpaka wewe uliye juu unaanza kuwaza habari za mazishi, halafu anaibuka karai limejaa. Mzee huyu alikuwa akizama kuliko wenzake wote, na akitoka majini alikuwa na tabia ya kusimama juu ya jiwe, mikono kaitandaza huku na huku, akijianika. Taulo hakuwa nalo na hakulitaka. Basi wakamwita Mnandi.

Kama humjui mnandi, ni ndege mweusi wa majini mwenye shingo ndefu na mdomo wenye ncha iliyopinda. Ndege wengi wa majini Mungu amewapaka mafuta. Bata anazama na kutoka mkavu. Mnandi hakupakwa, au mafuta yalikuwa yameisha zamu yake ilipofika. Akizama analowa chapachapa, na akitoka inambidi asimame juu ya gogo mbawa wazi kama shati kwenye kamba. Wavuvi hawampendi kwa sababu anavua kuliko wao. Tuna ndege wazuri kumshinda pale mtoni. Kuna mdiria, kadogo, ka bluu na chungwa, akimpata samaki anampigapiga kwenye tawi kama mtu anayekung'uta mkeka. Kuna yangeyange, weupe mpaka unajiuliza wanaogea wapi, ukiangalia wanachokula. Kuna kwarara, ambao hawakupewa kingine ila kelele. Mnandi hana rangi, hana sauti, na chini ya nguzo anayolala panageuka peupe kwa kinyesi chake. Kumwita mtu kwa jina lake si kumsifu. Lakini mzee alilipenda, na mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi hakugeuka.

Alikuwa na watoto wawili, na mama yao alifariki wakiwa wadogo. Mkubwa ni binti. Akiwa na miaka ishirini na minane aliondoka kwenda nchi za mbali, akakaa huko miaka ishirini na miwili, kwa hiyo ukisikia nasema Ng'ambo, ni huyo. Mdogo ni mwanamume, alibaki akibeba makreti ya baba yake. Siku moja aligombana na wapakiaji watatu wa malori, akabaki amesimama peke yake. Tangu hapo ni Mbabe.

Mzee alipopata kiharusi, upande wa kulia wote ukafa, Mbabe ndiye aliyeshika baa. Ilikuwa haijawahi kuwa na kibao. Watu walisema tu, twende mtoni. Mbabe akaniita, akaniambia niandike KWA MBABE, herufi nyekundu, kivuli cheusi.

"Mzee anajua?" nikamuuliza.

"Mzee hasomi."

Jumapili ile wakamtoa mzee nje kwenye kiti. Akakiangalia kibao muda mrefu kwa lile jicho lililobaki na nguvu. Akaniuliza mimi, si mwanawe, "Umeandika nini hapo?"

Nikamwambia. Akatema mate. Mdomo ulikuwa wa upande mmoja, kwa hiyo mate hayakufika mbali, yaliangukia shati lake mwenyewe. Mbabe akainama akayafuta kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali, akaingia ndani kuuza.  Mzee aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na miaka mingine mitatu ikapita baada ya kuzikwa ndipo binti akarudi. Kwenye mazishi hakuja. Mambo ya karatasi, walisema. Ukitoka huko bila karatasi kamili, huingii tena.

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amesimama mlangoni kwenye karakana yangu, mfupi, mabega mapana, anaegemea mguu wa kulia ili kuupumzisha wa kushoto. Mikono yake ndiyo iliyonishangaza. Ngozi ya viganja ilikuwa inang'aa na haina mistari, kama mkono uliopigwa pasi.

"Wewe ndiye uliyeandika ule upuuzi pale darajani?"

"Nimeandika upuuzi mwingi, dada. Upi?"

Hakucheka. "Kesho saa nne njoo na ngazi. Unakishusha."

Nilikwenda. Kazi ni kazi. Nikaegemeza ngazi ukutani, na kabla sijakanyaga kipandio cha pili Mbabe akasema kutoka kaunta, bila kuinua macho kwenye glasi aliyokuwa anaifuta, "Herufi, ukigusa hicho kibao, ngazi yako leo inakuwa kuni."

"Panda, fundi," akasema Ng'ambo.

Nikabaki pale pale, mguu mmoja chini, mguu mmoja juu.

"Hii baa ni ya nani?" Ng'ambo akamuuliza mdogo wake.

"Ya Mbabe. Si umesoma hapo nje?"

"Nimesoma. Na wosia alioandikisha baba nimesoma pia. Nyumba ni yako, baa ni yangu. Mimi sijaja kutandika kitanda changu sebuleni kwako. Na wewe usitandike jina lako mlangoni kwangu."

"Miaka ishirini na miwili njia ya kurudi hukuiona. Leo umekiona kibao."

"Njia niliiona. Nilikuwa nikiwatumia nyie nauli yangu."

Ndani kulikuwa na wateja wanne, na mmoja wao ni mwalimu mstaafu ambaye kona ile ameikalia mpaka ukuta una alama ya kichwa chake. Akakohoa, akasema, "Kisheria, suala la umiliki na suala la jina ni masuala mawili ambayo..."

"Mwalimu, kunywa," wakamwambia wote wawili kwa pamoja. Kwa kumbukumbu zangu, hilo ndilo neno la kwanza waliloliafiki tangu dada mtu arudi.

Ng'ambo akapita nyuma kwenda msalani. Hakukaa hata dakika. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Sijui niseme hasira au aibu. Choo cha baa ile kilikuwa shimo, juu yake mbao mbili, mlango wa bati usiofunga ambao ulilazimika kuushika kwa mkono wakati mkono mwingine una shughuli zake. Ukiwa mrefu, wapita darajani walikuona kuanzia kifuani.

"Kibao kitakaa," akasema. "Kwa sasa. Siwezi kuweka jina la mtu ninayemheshimu juu ya mahali penye choo kama kile. Kikishajengwa choo, fundi, nitakuita."

"Jina la nani?" Mbabe akauliza.

Ng'ambo akaokota mkoba wake. Aliondoka akichechemea, nami nikabeba ngazi yangu nzima.

Wiki saba walijenga. Nasema walijenga, lakini mafundi walikuwa mikono tu. Kichwa kilikuwa cha yule mama. Alikuja na kiti chake, akakaa mbele ya fundi bomba kutwa nzima kama hakimu. Fundi bomba ni mtu wa miaka mingi kazini na hakuzoea kufundishwa na mwanamke aliyekaa. Siku ya tatu akatupa spana chini.

"Mama, hii kazi naijua."

"Ungeijua, sakafu isingelala kuelekea mlangoni. Maji yataenda wapi? Yatamfuata mteja mpaka kaunta? Vunja."

"Sivunji."

"Basi chukua spana yako, nenda. Utakayemkuta njiani mwambie natafuta fundi."

Alivunja. Alimtukana moyoni wiki zote saba, aliniambia mwenyewe, lakini alivunja, na sakafu ya choo kile mpaka leo ukimwaga kikombe cha maji popote yanakwenda kwenye tundu lake yenyewe.

Mimi nilipewa kazi ya kuta, rangi ya mafuta, nyeupe juu na kijani chini. Hapo ndipo aliponizoea kidogo, kama unavyoweza kumzoea mtu asiyekupenda. Nikipiga msasa yeye anaongea. Nikamuuliza haya yote ya mabomba aliyajulia wapi. Akavitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Unadhani nilikuwa nafanya nini huko?"

"Mdogo wako anasema ulikuwa msimamizi wa majengo."

"Nilikuwa nasafisha vyoo. Stesheni ya treni miaka kumi na tatu, uwanja wa ndege miaka tisa."

Nikaendelea kupiga msasa. Na yeye, kwa vile alishalitoa la kwanza, yakafuata mengine. Aliniambia vyoo vya huko havifanani hata kidogo, na ukitaka kuwajua watu, usiwatazame wanavyokula. Kuna nchi moja alipofikia kwanza, bakuli lina kibaraza ndani, mzigo wako haushuki, unakaa pale juu ukikungoja ugeuke uukague. "Wanakagua," akasema, "kama mtu anayesoma barua." Kuna pengine milango haifiki chini. Umekaa, na viatu vya wapitao unaviona, na wao wanaviona vyako, na hakuna anayeona haya. Kuna kwingine choo kina vitufe kuliko redio; kinakuosha, kinakupulizia upepo, na kiti kina moto. Mwezi wa kwanza aliogopa kukalia, akasafisha akiwa amesimama mbali. Na karibu kote huko maji ya kujisafishia hakuna, ni karatasi tu. "Watu wana ndege, wana treni chini ya bahari, halafu wanajifuta na karatasi kama wanaokausha kalamu." Miaka yote ishirini na miwili alitembea na chupa ya maji kwenye mkoba.

La ndege ndilo alilolisema kwa chuki zaidi. Pale stesheni, ukutani kwenye choo cha wanawake, kulikuwa na kisanduku kinachopiga sauti za ndege kutwa, ili watu wasisikiane. Ndege watatu wale wale, kwa zamu ile ile, asubuhi mpaka jioni, miaka kumi na tatu. Hakuwahi kuwaona, hajui wana rangi gani, lakini alijua kwamba yule wa tatu akimaliza, wa kwanza anaanza baada ya pumzi mbili. "Nikirudi chumbani kwangu kulala, walikuwa wanaendelea kichwani. Siku nilipohamishiwa uwanja wa ndege nilishukuru kama mtu aliyetolewa jiwe la figo."

Nilipokuwa nafunga kopo la rangi akaniambia, "Haya ya kazi yangu yaishie hapa. Sikuyasema nilipokuwa huko, sitaki yasemwe nimerudi."

"Yataishia hapa," nikasema.

Choo kikaisha. Vigae, sinki mbili, kioo, mlango unaofungwa kwa komeo, kimoja cha kukaa na kimoja cha kuchuchumaa, na maji kila mahali. Siku iliyofuata akanipa karatasi. KWA MNANDI. Herufi nyeusi, bila kivuli.

Niliandika kule karakana, nikakausha siku mbili, nikakibeba Alhamisi mchana. Mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kukisoma. Alisema kama ni ndege, basi kulikuwa na mdiria, ambaye ana rangi na anapendeza kwa biashara, na kwamba hakuna mteja duniani anayevutiwa na mnandi. Ng'ambo akamwambia si ndege, ni baba yake.

Mbabe alikuwa amebeba kreti. Akaliweka chini taratibu. Nilidhani atavunja kitu, na ningeelewa zaidi kama angevunja.

"Jina lolote," akasema. "Andika lako. Andika Kwa Dada, andika Kwa Malkia, andika hata Kwa Shetani. Hilo hapana."

"Ndiye aliyeijenga."

"Najua aliyeijenga. Unamjua wewe?"

"Usiniulize kama namjua baba yangu."

"Unamjua wa kwenye simu. Kila Jumapili, baba hujambo, baba unakula, baba nakuombea. Ile simu nani alikuwa anaishika sikioni kwake? Mkono wake ulikuwa umekufa, au hukuambiwa? Miaka mitatu nilimwosha yule mzee. Nilimbeba chooni kwenye lile shimo lililokutia kinyaa. Akishindwa kufika nilifua. Mke wangu alitaka kusaidia, mzee akamtukana mpaka akalia, kwa hiyo ni mimi. Na nikimaliza kumwosha wanamleta hapa, anakaa pale kwenye kiti, wateja wanamuuliza hali. Unajua alikuwa anawaambia nini? Mtoto wangu yuko ng'ambo, huyu ni mtunza baa."



"Alikuwa mgonjwa," akasema Ng'ambo.

"Ulimi haukuwa mgonjwa. Muulize mwalimu. Muulize Herufi."

Akatuangalia. Mwalimu akaangalia glasi yake. Mimi nilisema, "Alikuwa anasema hivyo, dada." Ni kweli alikuwa anasema. Nilishamsikia zaidi ya mara moja, na mara zote Mbabe alikuwa karibu.

Ng'ambo akakitazama kibao kipya. Kisha akasema, "Baba ni baba," na akaniashiria ngazi.

Mpaka leo sijui alisema vile kwa sababu aliamini au kwa sababu alishafika katikati ya mto na hakuona faida ya kurudi. Nikapanda. Nikafungua misumari ya kibao cha zamani, nikapigilia kipya. Mbabe hakunigusa. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta, akachukua kile kibao chake chini ya kwapa na kuvuka nacho daraja. Kwa wiki mbili akawa amesimamisha banda la bati upande wa pili, na nusu ya wateja wakamfuata. Mkewe alipokutana na Ng'ambo sokoni alimwambia, "Wifi, ulikuja kumzika mzee au kutuzika sisi?" na hakungoja jibu.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo ningeiruka kama ningeweza.

Jumamosi moja mchana mwalimu alinikuta njiani, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Akasifu kile choo. Akashangaa mwanamke amejuaje habari za miteremko ya sakafu na mabomba ya hewa. Alirudia swali mara tatu kwa njia tofauti, kama walimu wanavyofanya, nami nikamjibu. Nilimwambia asimwambie mtu. Kabla jua halijazama fundi bomba alishajua, na fundi bomba alikuwa na wiki saba za kulipiza.

Watu wakaacha kusema Kwa Mnandi hata kabla hawajazoea. Wakasema, tunakwenda Chooni. Wapakiaji wakawa wanaingia, wanaagiza soda moja watu wanne, mmoja anaita, "Mama, karatasi imeisha," na meza nzima inakufa kwa kicheko. Mtu akachora kwa mkaa kwenye ukuta wangu mweupe picha ambayo siielezi. Wanawake wawili waliokuwa wakimwamkia kwa heshima wakaacha kumpa mkono, wakawa wanamsalimu kwa mbali kwa kupunga.

Alikuja karakana. Hakukaa.

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Mmoja."

"Hata mimi nilimwambia mmoja. Wewe ulikuwa mmoja."

Nikaanza kuomba radhi. Akaniambia nisipoteze mate, na kwamba nisikanyage kwake. Nikawa nakunywa ng'ambo ya pili, kwa Mbabe, ambako pia sikupendwa, lakini walau bia ilikuwepo.

Ndiyo maana nilikuwepo siku ile. Ilikuwa saa tisa, jua kali, banda lile la bati linawaka. Dereva mmoja wa lori alikuwa akisimulia jinsi dada yake Mbabe alivyokuwa akipiga magoti huko ughaibuni mbele ya mabakuli, akaigiza na mikono. Watu walicheka. Mimi nilimwangalia Mbabe, maana tangu habari ile ienee hakuwa amesema lolote, na wengi walidhani amefurahi.

Alizunguka kaunta. Akachukua bia ya dereva mkononi mwake, akaimwaga chini polepole mpaka povu la mwisho.

"Mimi nimesafisha mtu mmoja," akasema, "tena baba yangu mzazi, na nilinung'unika miaka mitatu. Yeye amesafisha stesheni. Wewe hata gari lako linakushinda, linanuka. Toka."

Dereva alikuwa mkubwa kuliko wale wapakiaji watatu wa zamani. Lakini alitoka.

Nilidhani sasa watapatana. Hapana. Zilipita wiki nyingine tatu, na kilichomvusha Mbabe daraja si mapenzi. Wakubwa wa barabara walikuja na rangi nyekundu, wakapiga alama ya msalaba kwenye banda lake kwamba liko ndani ya hifadhi ya daraja, wakampa siku saba. Siku ya sita, saa tano asubuhi, aliingia baa ya dada yake. Nilikuwa nje na ndoo, nafuta ule mchoro wa mkaa. Nilikuwa nimekwenda bila kuitwa, na Ng'ambo aliniacha nifanye kwa sababu uchafu ule ulimkera kuliko mimi. Dirisha lilikuwa wazi.

"Umekuja kucheka na wewe?" akamuuliza.

"Ningetaka kucheka ningekaa kwangu."

"Kwako kunavunjwa kesho."

"Ndiyo." Akavuta kiti. "Kwa nini hukusema kazi yako? Miaka yote nimewaambia watu dada yangu ni msimamizi. Umenifanya mwongo mbele ya watu."

"Ungewaambia ukweli?"

Mbabe akafikiri. "Hapana," akasema.

Wakakaa. Nikasugua ukuta polepole, nisipige kelele. Halafu Ng'ambo akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi, "Ulipokuwa unamwosha, maji yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Asubuhi na jioni?"

"Na mchana, siku mbaya."

"Ulikuwa unamgeuza?"

"Kila nikipata nafasi. Usiku mke wangu ananiamsha, namgeuza."

"Mgongoni alitoka vidonda?"

"Hapana."

"Hata kimoja, miaka mitatu?"

"Hata kimoja, dada."

 Kisha nikasikia, "Ile ilikuwa kazi nzuri." Aliisema kavu, kama bosi kwa mfanyakazi ambaye hampendi lakini hawezi kumnyima haki yake.  Nilisikia kiti kikisogea, halafu makreti yakianza kupangwa.

Kibao hakikubadilishwa. Mbabe alirudi kaunta kwa sharti moja, kwamba halitamki jina lile, na halitamki. Mtu akipiga simu kuuliza yuko wapi, anasema niko kazini. Huwa hawaongei ila kwa lazima, na hata ya lazima mara nyingi wanayapitisha kwa mwalimu, ambaye amefurahi sana kupata kazi baada ya kustaafu. "Mwalimu, mwambie dada barafu imeisha." "Mwalimu, mwambie aliyekutuma kwamba nina macho." Mkewe Mbabe bado hamsalimu wifi yake, na sidhani kama ataanza.

Kibao cha tatu niliagizwa mwezi mmoja baadaye. Ng'ambo alimtuma mwalimu kuniita. Alitaka bati la futi nane, lisimame barabarani kabla ya daraja, litazame malori na mabasi. CHOO SAFI, herufi urefu wa mkono mzima, na chini kwa herufi ndogo, Kwa Mnandi, na mshale.

"Una uhakika, dada?" nikamuuliza. "Watu watazidi kusema."

"Wameshasema. Sasa wasome."

Mbabe alikitazama kibao kile, akasema mwanamke huyu hana aibu, akaenda kukishikilia nikipigilia.

Basi la kwanza lilisimama siku ya tatu. Sasa kwa siku yanasimama mengi. Watu wanashuka mbio, wanarudi wakitembea, na wengi hununua kitu kwa sababu ni vibaya kutumia choo cha mtu na kuondoka. Ameajiri wanawake wawili wa kukisafisha, na amewatengea chumba kimoja cha kubadilishia nguo chenye viti na feni. Wapakiaji wakileta utani wao, mmoja wa wanawake hao huwauliza kama mama zao wanakojoa asali. Mikono ya wale wawili ina glavu nzuri; Ng'ambo huzikagua kila asubuhi, akiona tundu anazikata kwa mkasi hapo hapo ili zisitumike tena.

Mimi ameniruhusu kuingia. Hajanisamehe, na hilo analiweka wazi kwa utaratibu wake. Friji lipo, limejaa, milango yake ya kioo inatoka jasho la baridi. Nikiagiza bia, Mbabe ananyoosha mkono kwenye friji, anamwangalia dada yake, kisha anainama na kunitolea chupa ya kwenye kreti, ile iliyoshinda juani tangu asubuhi. Ni mwaka wa nne sasa. Ninaifungua, ninakunywa, ninasema ahsante.